Tangazo Lisilo na Mhuri

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Mimi ni fundi mitambo wa redio moja hapa Morogoro Mjini. Si mlevi, wala si mtu wa kuota mchana. Haya yalinikuta saa saba mchana kweupe, milima ya Uluguru naiona dirishani.

Tulikuwa tumeletewa programu mpya ya kompyuta, ile inayorusha vipindi yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuipangia njia: chaneli ya kwanza maikrofoni ya studio, ya pili simu, ya tatu muziki. Ya nne nikaipa maikrofoni ya chumba cha zamani pamoja na kitufe chake. Ukikibonyeza, kompyuta inaacha kila kitu na kukuweka hewani. Chumba hicho kilikuwa cha Mzee Deusi, msomaji wetu wa matangazo ya vifo, aliyefariki mwaka jana. Kilifungwa kwa kufuli. Sasa kwa nini niliunganisha waya wake? Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, bwana. Nilishindwa kumfuta.

Siku ya kwanza, saa saba kasoro dakika tano, taa ya chaneli ya nne ikawaka. Kikohozi. Kisha sauti ileile ya Mzee Deusi ikatangaza kifo cha fundi cherehani mmoja wa Mazimbu. Marehemu mwenyewe akapiga simu kututukana! Jioni akafa. Siku ya pili akatajwa mama mmoja muuza vitenge, naye hakufika magharibi. Meneja akasema ni virusi vya kompyuta. Virusi gani vinakohoa? Nikachomoa waya wa kitufe, nikautia mfukoni.

Siku ya tatu, waya uko mfukoni mwangu, taa ikawaka.

"Familia inasikitika kutangaza kifo cha Bi Tekla wa Mafiga..."

Bi Tekla ni mama yangu mzazi. Asubuhi nilimwacha kibarazani anachambua mchicha.

Nilivunja kufuli kwa nyundo. Mzee Deusi alikuwa kwenye kiti chake, miwani imefungwa uzi, karatasi mkononi. Niliogopa, sikufichi, lakini hasira ilizidi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. Adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu. Niache nimalizie."

"Humalizii. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa uko wapi?"

Ngoja nikueleze. Mzee huyu hakuwahi kusoma tangazo la kifo lisilo na mhuri wa serikali ya mtaa, hata wafiwa walie mlangoni. Mimi mwenyewe alinirudisha Mafiga kwa miguu na tangazo la baba yangu, kisa mhuri. Nililia njia nzima. Sasa na yeye ale sheria yake!

Akaigeuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma. Mhuri haukuwapo. Akakisogelea kipaza sauti.

"Wasikilizaji, tangazo la Bi Tekla lifutwe. Limeletwa bila mhuri."

Nikapepesa macho, kiti kitupu. Nilikimbia hadi Mafiga na nyundo mkononi. Mama akaniuliza nimemuua nani. Nikamkumbatia na mchicha wake, nikalia kama mtoto.

Mama yupo, na bado ananigombeza. Taa ya chaneli ya nne nayo inawaka kila siku saa ileile, ila husikii kitu zaidi ya karatasi ikigeuzwageuzwa.

Juzi mwenyekiti wa mtaa wetu ananiambia, "Kuna mzee alikuja ofisini na karatasi yake kuomba mhuri, miwani ya uzi, anakohoa kweli. Bahati mbaya kidau cha wino kilikuwa kimekauka."

Nikampokonya mhuri palepale. Ninao mfukoni pamoja na ule waya, na wanishtaki wakitaka. Mzee akiutaka, aje auombe kwangu.

Lakini mimi naulinda mtaa wangu tu. Wewe nenda leo kwa mwenyekiti wako, umuulize wino wake umejaa kiasi gani.