Mstari Nilioruka

Mwanangu, kuna alasiri moja ya Iringa ambayo mpaka leo nikiikumbuka navuta khanga mabegani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesoma kwa masista, na nilijiona nimeelimika kupita watu wote wa kilimani kwetu. Cheka tu.

Palikuwa na Mrusi mmoja, Mama Vera, aliyeletwa na Vita vya Pili vya Dunia pamoja na wakimbizi wa Ulaya, akabaki wenzake walipoondoka. Alikuwa mshairi. Ujanani alitafsiri mashairi ya Waarmenia kwa Kirusi, na sasa alitaka ombolezo la bibi yangu. Bibi aliimba kwa Kihehe, mimi nikaandika maana yake kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili Mama Vera alitie katika lugha yake.

Katika ombolezo lile Bibi aliwaita marehemu wa nyumba yetu, mmoja mmoja, waingie ndani wakae. Wa mwisho alikuwa baba mdogo Atanasi, aliyefukiwa na udongo kwenye machimbo ya dhahabu Chunya, na mwili haukupatikana. Hana kaburi, mwanangu. Hapo Bibi alishusha sauti mno, nami nilikuwa na haraka ya kwenda kusukwa nywele. Nikauruka mstari wake. Nilijiambia, nani atajua?

Siku ya tatu Mama Vera alikuja kutusomea. Ilikuwa saa nane mchana, lakini ukungu ulikuwa umeziba hadi mlangoni. Alisoma vizuri kwa Kirusi, sisi tukitambua majina tu, na baada ya jina la mwisho nililoandika, pale nilipouruka mstari, akainua macho, akatazama nje.

"Hapa iko mtu," alisema. "Hajaingia."

Yule mama hakujua Kihehe hata cha kuombea maji. Na Bibi, ambaye hakusikia Kiswahili, alikuwa tayari amesogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Mwambie apite," Bibi aliniambia kwa Kihehe. "Huko nje baridi."

Nikalia, nikakiri yote. Mama Vera hakunigombeza.

"Mimi pia nilifanya," alisema. "Mzee Mwarmenia alinipa shairi. Mstari moja haikukaa vizuri, nikaacha. Akauliza, kijiji yangu iko wapi? Kijiji ilichomwa, watu kwisha. Ilibaki katika mstari ile tu. Akafa kabla sijarudisha."

Nikamwomba Bibi aimbe tena. Akakataa. "Wewe ndiye uliyemwacha nje. Mwite mwenyewe."

Niliogopa, sikufichi. Nilisimama mlangoni, nikamwita baba mdogo kwa jina lake, nikamwambia moto upo na mahali pake papo. Sikuona kitu. Ila nyuma yangu Bibi alianza kuzungumza taratibu, anauliza habari za njiani, anauliza kama ana njaa. Aliuliza, akatega sikio, kisha akaitikia.

Basi ukipewa maneno ya mtu uyafikishe kwa wengine, yafikishe yote. Usipoelewa, sema hujaelewa, aibu hiyo huisha siku ileile. Usimruke mtu kwa sababu ya haraka zako, maana hujui amesimama wapi akikungoja. Mungu akupe ulimi mwaminifu, akulinde njiani, na siku utakapoitwa wewe, asiwepo wa kuliruka jina lako.