Karatasi ya Gari la Jirani

Zamani mji wetu huku Michigan uliunda magari ambayo yakipita makaburini wafu walilalamika. Siku hizi yanapita magari ya kimya kama wezi, na wafu wanalala tu, pamoja na wengi walio hai.

Orville Stamper alikataa kulala. Alishuka kutoka milima ya Kentucky mwaka 1966, akiwa na miaka kumi na tisa, akaajiriwa kiwandani kufunga makochi ya nyuma. Mimi nilifunga vioo, hatua chache kutoka kwake. Jina la kampuni silitaji, wanasheria wake wana afya kuliko sisi.

Kila gari lilikuja kwenye laini, ule mkanda wa kuunganishia magari, na karatasi yake: namba, rangi, injini, aina ya viti. Likishafika kwa Orville, karatasi ilikuwa imemaliza kazi, na sheria ilisema itupwe pipani. Lakini pipa lilikuwa hatua thelathini, na katikati alisimama msimamizi wetu, Clyde Ridenour, na saa yake ya kuhesabia sekunde. Basi Orville aliichomeka karatasi kwenye springi za kochi, akalifunga kochi, akaendelea. Wafunga makochi wote walifanya hivyo. Nani angejua kwamba miaka hamsini baadaye madaktari wa meno, matajiri wanaokusanya magari ya zamani, wangezitafuta karatasi zile kama mifupa ya watakatifu?

Orville aliongeza la kwake. Kila Ridenour alipomfokea, alichukua karatasi ya gari la mbele akaichomeka kwenye gari la nyuma, na ya nyuma kwenye la mbele. Hakuna aliyeumia. Mwaka 1970 uvumi ukamfikia Ridenour, akatuhoji mmoja mmoja. Orville akaapa kwa Biblia ya mama yake kwamba hajui lolote. Mama yake alikuwa mlokole wa milimani, angejua ni uongo angemkata masikio.

Alipostaafu alilikuta gari moja la mwaka ule ule wa 1970 kwenye banda la kuku: la kijani, milango miwili, silinda nane, boneti refu kama meza ya harusi. Alilifufua kwa miaka kumi na miwili. Hakutaka kulikimbiza wala kuliuza. Alitaka kitu kimoja: cheti cha klabu ya magari ya zamani kinachosema gari ni halisi, kama lilivyotoka kwenye laini yetu.

“Kiwanda wamekibomoa,” aliniambia. “Mafaili yetu wameyatupa. Hicho ndicho cheti pekee kitakachosema pale palikuwa na kitu, na mimi nilikuwepo.”

Sharti la cheti lilikuwa karatasi yenye namba ya gari, na kochi lifunguliwe mbele ya jaji. Maonyesho yalifanyika Julai, juu ya sakafu ya saruji iliyobaki ya kiwanda chetu, majani yakiota kwenye nyufa. Jaji mkuu, na lenzi yake mkononi, alikuwa Clyde Ridenour, miaka themanini na sita.

“Stamper,” alisema. “Naona umevaa viatu. Milimani mmeanza lini?”

“Na wewe bosi bado unapumua? Mwaka jana tulichangia maua ya msiba wako.”

Kochi likatolewa, likawekwa chini. Karatasi ilikuwepo, ya njano, panya wameionja pembeni. Ridenour akaisoma, akatabasamu. Tabasamu lile nililiona mara ya mwisho siku aliponinyima ruhusa mke wangu akijifungua.

“Hii inaishia na nne, moja, saba. Gari lako linaishia na nne, moja, nane. Karatasi si yake. Hakuna cheti. Anayefuata!”

Daktari mmoja wa meno nyuma yetu akacheka. “Kila mzee mji huu anadai ameunda gari lake.”

Orville alikuwa mweupe kama unga. Nikamsukuma kwa kiwiko. “Sema.”

“Siwezi. Atafurahi mno.”

“Sema, mjinga wewe! Afurahi!”

Akavua kofia. “Bosi. Karatasi nilizibadilisha mimi. Ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Kila ulipofoka.”

“Kila nilipofoka?”

“Kila mara.”

“Mungu wangu! Basi hakuna gari nchi hii lenye karatasi yake!”

“Uliwahi kuumwa siku mbili, bosi. Za siku hizo ziko sawa.”

Ridenour akakaa juu ya lile kochi, mabega yakimtetemeka. Nilidhani ni moyo. Kumbe anacheka.

“Nilijua! Marehemu mke wangu aliniambia naota!” Akachomoa kalamu, akaandika, akasoma kwa sauti ya zamani, ile ya kushinda mashine: “Karatasi ni ya gari lililotangulia kwenye laini. Kosa lilifanyika hapa kiwandani, kwa makusudi, na Orville Stamper, mfunga makochi, zamu ya mchana. Kwa hiyo gari ni halisi.” Akatia sahihi.

Orville alilisoma jina lake mara mbili, akapangusa pua kwa kitambaa cha oili, akabaki na masharubu meusi.

“Usinishukuru,” alisema Ridenour. “Adhabu yake ilikuwa siku tatu za kazi bila malipo. Hujaitumikia.”

“Kiwanda hakipo, bosi!”

“Msimamizi yupo. Jumatatu saa mbili asubuhi, nyumbani kwangu. Uje na gari.”

Siku tatu ziliisha wiki ile ile. Hakuna aliyezihesabu.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa Oktoba ya mwaka uliofuata, nje ya duka la donati. Orville alikuwa kwenye usukani, Ridenour kakaa nyuma kama balozi, kikombe cha kahawa mkononi.

“Njoo mbele, bosi. Watu wanadhani mimi dereva wa teksi.”

“Mbele wanakaa wafanyakazi. Twende, umeshachelewa sekunde arobaini.”

Orville akanikonyeza, akakanyaga mafuta kwa ghafla, kahawa ikammwagikia bosi wake kifuani, na nikasikia matusi ya zamu ya mchana yakikata kona kuelekea mtoni.