Matairi Aliyomtunzia Pastory

Nikuze hakulia siku ile maziwa yalipomwagika. Watu waliofika pale wakasema huyu dada ana moyo mgumu. Hawakujua kwamba alikuwa anaangalia tairi.

Baiskeli ilikuwa imelala ubavu kwenye kona ya mteremko, ile kona ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha unaona kama mtu ameipaka sabuni. Vifuniko vya madumu vilikuwa vimeruka, na maziwa yalikuwa yanashuka taratibu kwenye njia wanayopita ng'ombe. Tairi la nyuma lilikuwa bado linazunguka. Nikuze akaliona vizuri kwa mara ya kwanza: kipara kabisa. Lilikuwa limepakwa kitu cheusi likang'aa, na sasa maji ya mvua yalikuwa yanauosha ule weusi.

Matairi hayo alipewa na Pastory. Wote wawili walikuwa wanabeba maziwa kwa baiskeli za gia, wakiyachukua kwenye maboma ya wafugaji na kuyafikisha mji mdogo wa Nkwenda. Pastory alibeba ya maboma madogo ya ng'ambo ya bonde. Nikuze alibeba ya Komujuni, mke wa mzee Mutalemwa, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote upande ule. Matairi yake ya zamani yalipochanika, Pastory alimletea hayo yakiwa yamefungwa kwa kamba ya mgomba, vizuri kama zawadi ya harusi.

"Haya ndiyo yenyewe, dada," alimwambia. "Yanapita popote. Lami, matope, popote. Utanikumbuka."

Kweli alimkumbuka.

Alikwenda kwa Komujuni kwa miguu, matope yakiwa bado yamemganda kwenye kitenge. Akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshasikia." Komujuni alikuwa anafukiza kyanzi, kile chombo cha mti cha kukamulia maziwa, na moshi wa nyasi ulikuwa unatoka mdomoni mwa chombo. Hakukisogeza karibu na Nikuze kama siku zote. "Wewe si mtu mbaya. Lakini umemwaga maziwa kwenye njia ya ng'ombe wangu. Unajua kwetu ilivyo. Hutashika chombo changu mpaka ng'ombe wa hapa azae ndama jike, na niwe nimekuita mimi mwenyewe."

"Nani atabeba, mama?"

"Pastory alishapita hapa kuuliza."

Nikuze akatazama chini. Yeye ametoka kwenye kona moja kwa moja, hata uso hajanawa, na Pastory alishapita. Basi Pastory alikuwa anasubiri. Alijua mvua itanyesha, aliijua kona, aliyajua matairi. Kitu fulani ndani ya Nikuze kilikaa chini siku ile, na hakikuinuka tena.

Akarudi kwenye jembe. Alikuwa na kipande cha maharage karibu na ile kona, na kutoka pale aliweza kuona kila anayepita. Yale matairi ya kipara aliyavua, akayaosha, akayatundika ndani juu ya kitanda chake. Mdogo wake akimuuliza ya nini, anajibu, "Yana mwenyewe."

Kila asubuhi Pastory alipita na maziwa ya Komujuni akipiga mluzi. Alikuwa amefunga matairi mapya ya meno makubwa, meno kama magego ya fahali, na alijisifu nayo mpaka kwa watoto. "Nikuze! Maharage yanaendeleaje?" alimwita akipita. "Udongo hauna shida, eh? Hauna magurudumu."

"Yanaendelea," Nikuze alijibu, na Pastory akishapita, yeye anashuka njiani kutazama alama za matairi.

Hivyo ndivyo alivyojifunza. Kwenye matope, meno ya matairi ya Pastory yalikuwa yamechimba vizuri, hayakuteleza hata kidogo. Hapo alikuwa na haki ya kujisifu. Lakini Nikuze alimfuata siku moja mpaka barabara kubwa, mahali lami inapoanzia, akamsikia. Matairi yale yalinguruma kama nyuki ndani ya mzinga. Baiskeli nzima ilikuwa inatetemeka, pamoja na madumu, njia yote mpaka Nkwenda. Nikuze aliyekulia nyumba ya wakulima alijua kidogo tu habari za maziwa, ila hili kila mtu analijua: ukiyatikisa sana, yanatoa siagi.

Siku nyingine alitangulia mapema mpaka karibu na Nkwenda, jembe begani, akaona jambo lililomfanya alitue chini. Kwenye kijito cha pale, Pastory alikuwa amefungua madumu. Anaengua mabonge ya siagi kwa mkono, anaweka kwenye kopo lake, halafu anachota maji ya kijito na kujazia pale palipopungua. Akafunga, akapanda, akaenda zake na mluzi wake.

Nikuze alikuwa na uwezo wa kukimbia kwa Komujuni saa ileile. Hakukimbia. Nani angemsikiliza, mtu aliyemwaga? Na zaidi ya hapo, hakutaka Pastory asemewe. Alitaka aonekane.

Kwanza alihitaji matairi. Siyo ya kipara, siyo ya magego. Miongoni mwa alama za njiani kulikuwa na moja iliyompendeza: mstari wa katikati umeshikana, karibu hauna pengo, na pembeni kuna meno mafupi. Mwenye baiskeli hiyo alipita kwenye kona bila kuyumba, na kwenye lami hakusikika. Nikuze akaenda kwa Habumugisha, fundi baiskeli wa Nkwenda, akachuchumaa, akachora alama hiyo kwa kidole kwenye vumbi mbele ya miguu yake.

Habumugisha akaitazama. "Huu ni mkeka au tairi?"

"Tairi. Nataka mawili."

"Chukua ya meno makubwa kama ya Pastory. Kila mtu anayataka."

"Ndiyo maana siyataki."

Fundi akacheka. "Una ugomvi wewe." Akapekua rundo lake la mitumba mpaka jasho likamtoka, akatoa moja, baadaye la pili. Nikuze akapitisha kidole katikati, pakawa laini kiasi. Akabonyeza meno ya pembeni, yakawa magumu. Akayapima upana kwa kiganja: siyo membamba ya kuzama kwenye mchanga, siyo manene ya kumvuta nyuma kwenye lami. Akayalipia kwa kupalilia shamba la fundi mpaka mke wa fundi akamwonea huruma.

Akajaribu. Aliomba maziwa kidogo kwa jirani, akayapitisha njia yote. Mara ya kwanza alijaza upepo mwingi, akateleza kwenye kona ingawa hakuanguka. Akapunguza. Tairi likalala kidogo, meno ya pembeni yakafika chini, likashika. Alipofika kwenye lami likawa zito, basi akajaza tena. Kuanzia hapo alifunga pampu kwenye fremu. Anapunguza mwanzoni mwa matope, anajaza mwanzoni mwa lami. Maziwa ya jirani yakafika hayana hata punje ya siagi.

Halafu akasubiri ndama. Ng'ombe wa kwanza akazaa dume. Pastory akampigia kelele habari hiyo akipita, kwa furaha. Nikuze akamjibu, "Hongera," akaendelea kupalilia. Wa pili akazaa jike, na jioni Komujuni akamwita.

"Pastory amezoea sasa," Komujuni alisema. "Siwezi kumfukuza hivihivi. Mtagawana. Nusu yeye, nusu wewe."

"Asante, mama. Ninaomba jambo moja."

"Sema."

"Siku ya gulio la Nkwenda, uje unywe chai mgahawani kwa Speciose. Uyaone maziwa yako yanavyofika."

Komujuni akamtazama usoni. Mama wa ng'ombe si mtu wa kuelezwa mambo mara mbili. "Nitakuja," akasema.

Siku ya gulio, mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Kwenye kona, Nikuze alisimama, akapunguza upepo, akashuka bila kugusa breki ya mbele. Tairi la nyuma likayumba, meno yakauma, akapita. Pale yalipomwagika maziwa hakuangalia. Kwenye lami akajaza, na kwenye kijito akapita moja kwa moja.

Komujuni alikuwa ameshafika kwa bodaboda, amekaa mgahawani kwa Speciose, amejitanda vizuri. Nikuze akamimina kikombe, akampa kwa mikono miwili. Komujuni akanywa, akakimaliza.

Pastory akaingia akipiga mluzi. Mluzi ukafia mlangoni.

"Shikamoo, mama. Sikujua kama..."

"Marahaba. Nimiminie."

Akamimina. Hakuwa na namna nyingine. Speciose, aliyekuwa akinunua maziwa yale muda wote huo, akasogea naye kutazama. Komujuni akainamisha kikombe, maziwa yakapita ukingoni mepesi, ya buluu. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Akaweka kikombe mezani kwa uangalifu, asimwage.

"Haya ni ya kwangu?"

"Ndiyo, mama. Ni nyasi tu, nyasi za sasa..."

"Ng'ombe wangu wanakunywa maji, Pastory. Hawayatoi." Akasimama. "Umetia maji kwenye maziwa. Unataka viwele vikauke? Usikanyage kwangu. Na maboma ya ng'ambo nitayatumia salamu."

Nikuze alikuwa anakunja kamba ya madumu. Neno lilimjia mdomoni. Lilikuwa neno tamu, na akalimeza lote.

Maboma yote yakamfungia Pastory. Baada ya muda akaja nyumbani kwa Nikuze, anasukuma baiskeli. Alikuwa ameuza yale matairi ya magego, amebaki na rimu zilizovikwa matambara. Alikuwa amepata kazi ya kubeba ndizi kutoka Kiruruma, alisema, kwa njia za shamba na lami pia.

"Dada, nielekeze. Hayo yako uliyapata wapi?"

"Subiri," Nikuze akasema. Akaingia ndani, akapanda kitandani, akayatungua. Akayatoa yakiwa yamefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Haya ndiyo yenyewe, kaka. Yanapita popote. Lami, matope, popote."

Pastory akayageuza. Ndani ya moja kulikuwa na kiraka cha ngozi ya buti ambacho Pastory alikikata kwa kisu chake mwenyewe kabla ya kumpa Nikuze. Akakishika, akayatambua.

"Nikuze. Mvua ndiyo imeanza."

"Kona unaijua."

Pastory akayafunga upya kwa ile kamba. Halafu akayaning'iniza begani, maana hakuwa na mengine, akaondoka.

Kesho yake, baada ya kufikisha maziwa, Nikuze alikwenda kupalilia maharage yake pale karibu na kona. Magugu hayakuwepo. Akakaa kwenye tuta, jembe magotini, akiangalia juu ya mteremko, atakakotokea Pastory.