Ngumi Isiyoweza Kutoka

Katika darasa la ukunga wenzake walimwita Profesa, maana alizuia damu ya mwanasesere wa mafunzo huku akipiga soga. Sasa ngumi yake ilikuwa ndani ya mama aliyetoka kujifungua, mkono wa pili ukikandamiza tumbo ili kuubana mji wa mimba. Kila alipolegeza, damu ilibubujika, na daktari alikuwa bado anampasua mgonjwa mwingine.

“Mwanangu, umeshawahi kufanya hivi?” mama aliuliza kwa sauti hafifu.

Profesa alitamani ardhi immeze. “Kwa mwanasesere tu, mama.”

“Haya, mimi nina watoto watatu nyumbani. Usibanduke.”

Hakubanduka. Ganzi ilipanda hadi begani. Majivuno yalikuwa yameshamtoroka. Wajibu ndio uliobaki, nao hauna likizo. Daktari alipoingia, mama alikuwa hai, na Profesa hakuweza kukunjua vidole.