Mgomba Waliouzika Badala Yangu

Nilizikwa Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwaka tisini na tano, saa tisa alasiri za nyumbani. Huku Toronto ilikuwa saa mbili asubuhi. Wakati wananishusha kaburini mimi nilikuwa Scarborough, kiwandani, nimevaa kofia ya wavu, napanga keki kwenye maboksi na kulalamika moyoni kwamba nimetoka bila chai. Mwili haukunisisimka hata kidogo. Watu husema mtu huijua saa yake. Mimi yangu ilinipita hivihivi.

Nianze mwanzo, maana nikilirukia kaburi mtadhani natunga.

Kwetu ni mji mdogo wa nyanda za juu: barabara moja ya lami, kanisa moja kubwa, ukikohoa stendi unapewa pole sokoni. Baba alitangulia Canada, kisha mama, mimi na mdogo wangu wa kike tukamfuata. Tukakaa Crescent Town, mtaa wa maghorofa wa Toronto, ghorofa ya kumi na moja, pamoja na watu wa kwetu, Wakenya, Wakongo na Warundi, korido nzima inanukia maharage. Usidanganyike kwamba ukihamia jiji kubwa umeuacha mji mdogo. Mji mdogo nao hupanda ndege, na mkishafika hupanda lifti pamoja nawe.

Nyumbani kwetu kila asubuhi ilianza kwa salamu. Mdogo wangu alipiga goti mbele ya mama, akasema shikamoo, na mama akamjibu, "Marahaba, mama." Mimi nilisimama wima, kwa sababu nilihesabiwa mtoto wa kiume, nikasema shikamoo yangu, nikajibiwa, "Marahaba, baba." Ndivyo wazazi wetu wanavyobembeleza, wa kike huitwa mama, wa kiume baba. Hakuna ubaya wowote hapo. Lakini mimi tangu nina miaka sita nilikaa na kikombe changu cha uji nikimwonea mdogo wangu kijicho. Nililitaka lile goti. Nilitaka kuitikiwa vile.

Nilipofikisha miaka ishirini na sita nikasema basi. Nilikuwa nimekwisha kuonana na daktari mmoja mjini, akaniambia atanianzishia dawa baada ya miezi kadhaa, ila kwanza niishi waziwazi kama mwanamke, kazini, dukani, ndani ya basi, kila mahali. Jumapili moja ya mwezi wa pili, tumetoka kanisani, tumekaa mezani, nikawaambia. Nikasema mimi ni mwanamke, nimekuwa hivyo tangu nijitambue, na nimechoka kujificha. Mdogo wangu aliinamia sahani yake. Mama alishika meza kwa mikono miwili. Baba hakupiga kelele. Alimaliza chai yake, akajifuta midomo, akasema mwanawe wa kiume amekufa. Kisha akamwomba mama sukari.

Nikadhani ni maneno ya hasira. Kumbe mzee alikuwa anatoa taarifa.

Nikahama, lakini sikwenda mbali. Nikapanga chumba katika jengo la jirani, na sababu yake nitaisema bila haya: dirisha lake lilitazamana na jiko la mama. Nilimwona akiosha vyombo. Nilimwona akisimama tu, mikono ndani ya maji, muda mrefu kuliko vyombo vyenyewe.

Mwezi huo na miwili iliyofuata tulikutana mimi na mama mara nyingi kwenye daraja la kwenda stesheni. Sketi yangu ya kwanza ilikuwa ya sufu, nzito, inanichoma mapajani, nami najiona malkia. Nilimwambia shikamoo mama. Hakuitika, lakini alilia, na machozi si haba. Nikajiambia subiri. Sikutaka anielewe, wala sikutaka akanitetee kwa baba. Nilikitaka kitu kimoja tu, aitikie salamu yangu.

Halafu, kuanzia mwezi wa tano, machozi yakakoma. Nikisema shikamoo alitazama pembeni ya sikio langu, akabana mkoba kifuani na kuharakisha, midomo ameikaza kama anayepita makaburini. Ile haikuwa hasira. Hasira ya mama naijua, ilinilea. Mama alikuwa ananiogopa.

Na si yeye peke yake. Kwenye lifti wale wa kwetu hasa waliacha kuongea nikiingia. Mzee mmoja aliyekuwa akinitania kuhusu mpira alitoka nje ya lifti akangoja nyingine, akanipa mgongo. Nilijua watu watanisema, hilo nilishajiandaa nalo, masengenyo tumezaliwa nayo. Ila hawa hawakusengenya. Walinyamaza, nami sikujua la kufanya na kimya hicho.

Simu nayo ikaanza. Kila Jumamosi ambayo sina zamu, saa nne asubuhi, inalia. Nasema halo, hakuna jibu. Mtu yupo, namsikia anapumua, polepole, karibu kabisa. Nasema nani mwenzangu, kimya. Dakika mbili, tatu, kisha inakatwa. Mara ya tatu nilichomeka kiti chini ya kitasa cha mlango, mchana kweupe, jua linawaka, nikakaa kitandani nimeshika mwiko. Mcheke tu. Mwiko ndio uliokuwa karibu.

Basi ikawa hivyo mpaka mwezi wa tisa, siku niliyoshuka kufua.

Chumba cha mashine za kufulia kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha. Nilimkuta mwanamke akikunja mashuka, mgeni, ana siku chache tangu aje kumfuata mumewe ghorofa ya sita. Nikamsalimu kwa Kiswahili, nikafurahi kusikia lafudhi ya mji wetu katika jibu lake. Akageuka. Nimefanana na mama, na nywele zilivyorefuka na vile vihereni ndiyo kabisa. Akanitazama usoni, akatazama kovu la paji la uso, ambalo nililipata nikianguka na baiskeli mbele ya nusu ya mji. Shuka likamtoka mikononi. Akasema kwa sauti ya chini sana:

"Wewe tulikuzika."

Nilimuuliza anasema nini. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mashine, na hapo, kwa adabu, kama unavyozungumza na mtu ambaye hutaki akasirike, akanieleza.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usirudi, haachwi. Hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa nguo aliyoivaa enzi za uhai wake, ukasomewa sala, ukazikwa. Asipofanyiwa hivyo, wazee husema, atazunguka akitafuta pa kulala, na atawaita watu wake mmoja mmoja. Akikuita usiitike. Anayeitika amemfuata. Hayo niliyajua tangu utotoni. Nisilolijua ni kwamba baba alikuwa amemwandikia mdogo wake kule nyumbani kwamba nimekufa kwa ajali ya gari na mwili haukupatikana. Baba mdogo alikuwa amenitafutia mchumba, kila barua anauliza lini nitakwenda kujitambulisha. Baba akashindwa la kujibu, akaniua. Nao wale wa kwetu huku walipata habari ya mazishi kwa simu na barua za ndugu zao wa nyumbani. Walijua mimi ni mzima. Lakini kaburi ni kaburi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwitikia aliye na kaburi.

Yule mwanamke alikuwepo mazishini, alibeba maji. Aliniambia baba mdogo alilia mpaka akashikwa. Aliniambia mvua ilikuwa inakuja wakafanya haraka. Aliniambia ule mgomba ulivikwa sweta la kijani la shule, lenye kiraka kwenye kiwiko cha kushoto. Kisha akaniuliza, bado na adabu ile ile, ninataka nini. Kama ni chakula, atapika.

Nilianza kucheka. Nikaacha katikati, kwa sababu ya sweta.

Lile sweta halikuwa nyumbani. Lilikuwa Toronto, kwenye sanduku la mama, chini, pamoja na vyeti vya ubatizo. Mimi mwenyewe nilimwona akilipanga. Kwa hiyo aliyelituma ni mama. Baba aliandika barua, lakini nguo ya maiti aliitoa mama kwa mkono wake. Nilipanda ngazi ghorofa zote nikiwa nimeacha nguo zangu ndani ya mashine. Niliumia, jamani. Sina neno jingine. Aliyenizaa ndiye aliyenivisha.

Jumamosi iliyofuata simu ikalia. Safari hii nilinyamaza na mimi, nikasikiliza. Nyuma ya ile pumzi saa ya ukutani ikagonga, mara kumi na moja, na huku kwangu ni saa nne kasoro dakika. Saa hiyo naijua. Tulitoka nayo nyumbani imefungwa ndani ya blanketi, na tangu siku hiyo haijawahi kugonga sawasawa. Nikageuka dirishani. Mama alikuwa amesimama jikoni, amenipa mgongo, waya wa simu umevuka meza.

Nikasema shikamoo mama. Kimya. Nikarudia. Naona mabega yake yanapanda na kushuka, nasikia pumzi ile ile sikioni. Hapo nikapandwa na hasira ambayo hata leo inanitia aibu.

"Kama mmenizika," nikasema, "unampigia nani simu?"

Akakata. Simu haikulia tena, na pazia la jikoni likashushwa.

Ndipo ukaja ule msimu wa baridi. Daktari alitimiza ahadi, na mwezi wa kwanza nikameza kidonge cha kwanza, kidogo kuliko punje ya mahindi. Niliketi kitandani nikingoja sijui nini. Nilitaka mtu wa kumwambia tu kwamba nimekimeza. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wema, lakini huwezi kumwambia mtu wa mashine ya maboksi jambo ulilolisubiri tangu una miaka sita. Nikalitazama lile pazia. Siku nyingine, nakwambia kweli, nilijigusa mkono kuhakikisha una joto. Ukitendewa kama maiti miezi minane, unaanza kujikagua.

Katikati ya mwezi wa pili mlango ukagongwa, saa sita mchana, theluji inaanguka. Nikafungua, nikamkuta mama. Amevaa koti lake la kanisani, kitambaa kichwani, Biblia mkononi. Hakusalimu. Nikamkaribisha, hakuingia. Alisimama pale koridoni, akafungua Biblia, akatoa picha, akaninyooshea bila kunigusa vidole.

Baba mdogo alikuwa kwenye picha, amesimama kando ya kaburi lenye jina langu la zamani. Katikati ya kaburi umeota mgomba. Majani mapana, mazito, umemfika kifuani.

Mama akaeleza, macho yake kwenye picha. Mgomba wa maziko hukatwa juu ya udongo, shina tupu, huoza na mambo yanaisha. Lakini baba mdogo alikuwa analia, na mvua inakuja, hakutafuta panga. Akaung'oa mzima na tunguu lake, lile bonge la chini linalochipua. Mkulima yeyote wa ndizi angekwambia kitakachofuata. Hawakunizika, walinipanda. Mwanzoni likatokeza jani moja, baba mdogo akalikata. Likarudi. Akakata tena, likarudi nene zaidi. Watu wameacha kupita njia ile, mchungaji ameitwa mara mbili. Ndipo baba mdogo akaandika kuomba ruhusa auchimbue mpaka mizizi na kuuchoma moto, na baba amejibu uchomwe.

"Nimepiga simu mwenyewe," mama akasema. "Baba yako hajui. Nimewaambia asiuguse mtu. Wauzungushie miiba, mbuzi wasile."

Mama akafunga Biblia, akaifungua, akaifunga.

"Sweta nilituma mimi," akasema. "Nilisema nikishakuzika nitalala usingizi. Sijalala."

Mlango mmoja ulifunguka kule mwisho wa korido, ukafungwa. Nikajua mama bado ananiogopa, amekuja akiwa na hofu yake yote. Mimi nami niliogopa. Nilijua nikimsalimu sasa asipoitika, sitakuwa na nguvu ya kusalimu tena maishani. Nilifikiria kumwacha aondoke na picha yake ili angalau tusijue.

Nikapiga goti. Sikuwahi kufundishwa, nilimtazama tu mdogo wangu miaka yote ile, na hata hivyo nilikosea, niliweka la kushoto chini badala ya la kulia. Nikasema shikamoo.

Mama aliangalia korido, huku na huku. Aliyajua yale ya wazee kama ninavyoyajua mimi, kwamba anayeitika amemfuata. Kisha akaniwekea mkono kichwani, juu ya nywele, mkono wenye baridi ya nje.

"Marahaba, mama," akasema.

Akangoja kidogo, kama mtu anayesikiliza iwapo kuna kitakachomtokea. Kisha akaniambia niinuke, sakafu ina baridi.