Wiki Niliyokwangua Vibandiko vya Sakafuni

Mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma hadi darasa la sita, Burundi, na haya nayatoa katika daftari langu kwa sababu kina mama wa kwaya wameniomba. Nikikosea mahali, mnisamehe. Lakini sitaongeza kitu.

Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu. Naishi Akalla, hapa Uswidi, na nilikuwa nafanya usafi kwenye jengo la ofisi na maduka kule Kista. Ngazi za orofa tano nilizipanda na ndoo mkononi huku nikiimba. Miaka miwili ya corona ilinipita. Nilichanjwa mara mbili. Chanjo ya tatu niliiahirisha, nikisema wiki ijayo, wiki ijayo. Hilo ni kosa langu, si la mtu mwingine.

Halafu, Jumatano moja, sheria za corona zikaondolewa. Jumatano ile ile tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Sasa, mnajua kwetu salamu si kupeana mkono tu. Unamkumbatia mtu, unamshika mabega, unauliza habari za nyumba nzima na bado hujamwachia. Mama Josiane, mwenzangu wa sauti ya pili, akasimama katikati akasema, "Tuna deni la miaka miwili! Hakuna kuimba mpaka kila mtu amkumbatie kila mtu!" Tukajipanga mstari, tukakumbatiana wote, mmoja mmoja. Tulicheka mpaka machozi. Siwezi kusema sikufurahi.

Kesho yake msimamizi wetu, Annika, akanipa kisu cha kukwangulia. Sakafuni kulikuwa na vibandiko vya njano vilivyowaambia watu wasimame mbali mbali. Akasema, "Spes, toa vyote. Hatulazimiki tena kuviweka." Nilipiga magoti siku nzima, watu wakinipita karibu, wengine wakikohoa. Na hapo pia nilifurahi.

Jumapili koo likaanza kuwasha. Jumatatu nilikohoa, nikaenda kazini. Nilijiambia ni mafua tu. Nilikula chakula cha mchana na Annika, meza moja, uso kwa uso.

Jumatano mwili ukaanza kuuma mpaka nywele. Jasho lilitoka nikabadilisha shuka mara mbili kwa siku. Makohozi yalikuwa mazito, ya rangi ya kahawia. Nilipiga simu kituo cha afya. Wakasema watu wa kawaida hawapimwi tena, nikae nyumbani, na nikikosa pumzi nipige simu ya dharura. Walinijibu kwa upole. Mimi ndiye niliyechelewa kukubali kwamba pumzi imekwisha.

Binti yangu Arlette anahudumia wazee majumbani. Alikuja na kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni mwilini. Akakiangalia, akanigeukia.

"Mamma, sätt dig," akaniambia, yaani nikae. Nikasema nataka kwenda chooni kwanza.

"Hutembei!" Siku zote hunijibu kwa Kiswidi; safari hii alinijibu kwa Kiswahili, na ndipo nilipoogopa kweli.

Akapiga simu ya dharura, wakaja kunichukua. Hospitali walinilaza kifudifudi, bomba la oksijeni puani. Siku ya tatu sikuweza kumaliza neno "maji." Nilisema "ma," nikavuta pumzi, nikasema "ji." Muuguzi alinisafisha kama mtoto, nami niliona haya, halafu haya yenyewe ikachoka ikaondoka. Nilimuuliza daktari kama nitakufa. Alikaa kwenye kiti, hakujibu amesimama. "Mapafu yako yamechoka sana," akasema. "Lakini yanafanya kazi. Leo kidogo kuliko jana." Sikujua kama hiyo ni habari nzuri. Akaona uso wangu, akaongeza, "Oksijeni. Leo unatumia kidogo kuliko jana." Nikalia kwa furaha, na kulia kukanikohoza.

Nilikaa siku kumi na sita. Nilirudi nyumbani siwezi kupanda ngazi sita. Nywele zilinitoka kwenye kitana.

Ndipo ikaja fomu ya kuomba fidia, ya mtu aliyeumia au kuugua kazini. Inauliza: uliambukizwa wapi?

Mama Josiane alikuja na uji wa mtama, akavuta kiti. "Andika kazini! Nani alikupigisha magoti katikati ya watu?"

"Na Jumatano je? Si tulikumbatiana wote?"

"Kwaya haina fomu, Mama Arlette. Kampuni ndiyo ina fomu."

Nilicheka, kifua kikauma. Alikuwa ananitakia mema. Lakini mimi sikujua, na bado sijui. Nilimpigia Annika. Naye alikuwa ameugua baada yangu, kitandani wiki nzima. Nikamwambia labda mimi ndiye niliyempa, pale mezani.

Akasema, "Labda. Au mimi nilikupa wewe. Mimi pia nilikuja kazini na koo linalowasha, Spes."

Basi niliandika yote: kwaya, vibandiko, treni ya kwenda kazini, ile Jumatatu niliyokohoa. Arlette alinisaidia maneno ya Kiswidi. Jibu lilikuja kwamba haikuthibitika kuwa niliambukizwa kazini. Niliumia kidogo, sitawadanganya. Lakini Annika alinipa kazi ya orofa ya chini, isiyo na ngazi, na nusu siku mpaka nilipopata nguvu. Hakuna karatasi iliyomlazimisha.

Sisemi sheria zilikosea kuondolewa. Wenye mikahawa walikuwa wanafunga milango, na wazee walikuwa wanakufa kwa upweke. Labda ilikuwa wakati wake. Mimi nasema tu kwamba sheria ikiondoka, ugonjwa hauondoki nayo siku hiyo hiyo.

Leo napanda orofa tatu, napumzika, namaliza mbili. Namshukuru Mungu, na yule muuguzi, na binti yangu aliyenikataza kutembea. Msiahirishe sindano kama mimi. Pumzi ikipungua, piga simu siku hiyo, usingoje mpaka neno likatike mdomoni. Na ukiamka unakohoa, usije kwangu kunikumbatia. Simama nje chini ya dirisha langu, nipungie mkono, uende. Nitajua umenipenda.