Keki ya Muriel na Mwanafunzi Asiyenyamaza

Muriel Stockley aliamini kwa dhati kwamba Kiingereza hufundishwa kwa macho. Wageni waliomjia kila Jumatano katika ukumbi wa kijiji cha Nether Compsey, huko Uingereza, hakuwapa vitabu. Aliwaburuta hadi dirishani.

"Haya, Costel. Yule jirani kila siku hufanya nini?"

"Kila siku hukata nyasi, Mwalimu."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi anajikuna makalio, Mwalimu."

"Safi sana! Ya mazoea useme kivyake, ya sasa hivi kivyake. Ukiona, sema. Usione haya."

Costel alikuwa mwashi kutoka Rumania, pande la mtu, na wiki iliyofuata alikuwa na mtihani wa kuongea uliomnyima usingizi. Kwa hiyo alifanya mazoezi popote. Lakini katika kijiji kile kusema unachokiona ni utovu wa adabu mkubwa kuliko wizi. Watu wa pale wakiona jambo, huzungumzia mvua.

Muriel naye alikuwa na donda lake: kikombe cha mshindi wa keki katika maonyesho ya kijiji. Marehemu mama yake alikitwaa mara nyingi hata rafu ya nyumbani ikabaki na alama ya kitako chake. Yeye hajawahi hata kukigusa, maana keki zake hubonyea katikati. Mwaka huu ilibonyea tena, asubuhi yenyewe ya maonyesho. Alilia kidogo, akaitukana kidogo, kisha akaendesha gari hadi mji wa jirani akanunua keki dukani. Akaifinya pembeni ili ionekane ya nyumbani. Shetani akikupanda, hukupa na akili.

Katika hema la maonyesho, jaji wa keki alikuwa Daphne Gathercole, mama wa kofia kubwa na midomo myembamba, ambaye mwenyewe hushindana upande wa jemu. Alionja, akafumba macho.

"Muriel, mwenzangu! Hii ni ya mama yako kabisa!"

Akageuka kuchukua kikombe. Hapo ndipo Muriel alipoona kwamba chini ya keki imebaki karatasi yenye jina la duka. Akaanza kuibandua kwa kucha, huku akitabasamu. Hakujua kwamba Costel yuko nyuma yake.

"Kila mwaka Mwalimu huoka keki," Costel alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita saruji kutoka ghorofani. "Sasa hivi Mwalimu anabandua karatasi ya duka."

Watu wote wakatazama juu, kwenye turubai la hema.

"Naona mawingu," mmoja alisema.

"Hiyo mvua ya alasiri," mwingine akaitikia.

Daphne akakohoa. "Masikini, Kiingereza bado kinampiga chenga. Amechanganya tu, sivyo, Muriel?" Akamsogezea kikombe. Wale watu wanajua kukufungulia mlango wa nyuma! Ilibaki Muriel aseme ndiyo tu.

Costel uso ukamshuka. "Nimekosea, Mwalimu? Nilitakiwa kusema kila mwaka Mwalimu hubandua karatasi?"

Muriel alikitazama kikombe. Kiling'aa, mwanaharamu yule. Akamtazama Costel, aliyekuwa amekunja kofia yake mikononi, akaona wazi kwamba akimkana hapa, hatathubutu kufungua mdomo kwenye mtihani.

"Hapana, Costel!" alisema haraka, mashavu yakiwaka moto. "Ni sasa hivi. Mara hii moja tu! Umepatia kila neno. Keki nimeinunua."

Daphne alikivuta kikombe kama kilichomwunguza. Muriel alitamani ardhi immeze. Lakini Costel alijaa furaha hadi masikioni, maana alikuwa amesifiwa mbele ya umati. Akageukia meza ya jemu, akavuta pumzi.

"Kila mwaka Bi Gathercole hupika jemu," alianza. "Sasa hivi Bi Gathercole..."

Daphne alikwisha kupanda mezani na kuketi, akiifunika chupa yake ya jemu kwa sketi. Katika kila pembe ya hema watu waliruka kukumbatia maboga yao na vitunguu vyao vya mashindano, wakipayuka kuhusu mvua.

Muriel alijikatia kipande kinene cha keki, akavuta kiti.

"Endelea, Costel," alisema. "Na upaze sauti."